Waiteni Wote

Kwanza lilikuja jiwe, kisha ndiyo salamu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na yeyote aliyewahi kufika kwake atakwambia hivyo hivyo. Jiwe lenyewe halikuwa kubwa: la kukaa kiganjani, jeupe, lenye meno kama mawe yote ya uwanda wa kusini. Likitua mbele ya miguu yako, unasimama. Ukisimama, sauti inatoka nyuma ya kijiukuta chake: "Nani kakutumeni?" Ukijibu vizuri unaambiwa, "Basi kaa hapo hapo, tusemezane." Ukijibu vibaya linakuja la pili, na hilo halitui chini.

Mimi lilinipata mara moja, begani, na kovu ninalo. Wenzangu wa mjini, Kikwajuni, nikiwaonesha hucheka, wanasema bila shaka nilikuwa juu ya mwembe wa watu. Waache wacheke. Hawakumjua. Mimi nilimjua miaka, na hata leo sijui niseme nilimpenda au nilimwogopa. Nadhani yote mawili, na hasira juu yake.

Jina lake silitaji, na sababu utaiona mbele. Sisi tulimwita Mlowezi, kwa kuwa ndivyo tulivyoambiwa na aliyetuongoza, kijana wa kijiji cha jirani aitwaye Haji. "Huyo si wetu," alisema Haji. "Huyo mlowezi tu, katoka huko alikotoka kaja kukaa hapo." Tukaamini. Kwa nini tusiamini?

Sisi tulikuwa watu wa mjini watupu, tumepelekwa kutafuta maji. Ule upande wa kusini, chini ya mawe, kuna mapango yenye maji matamu, na Serikali ilitaka kujua yako wapi. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mnyororo wa kupimia. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mpimaji, mzaliwa wa Mji Mkongwe, mtu wa maskhara mengi na viatu vizuri. Wa tatu alikuwa mchukuzi wetu, Songoro, ambaye pia ndiye mpishi.

Aliyezoea mjini na mashamba ya karafuu hawezi kuufahamu uwanda ule mpaka aukanyage. Hakuna ardhi. Kuna jiwe, tena jiwe kali, linakata soli ya kiatu siku moja tu. Udongo umejificha kwenye vitobo, wa kuchotea kwa vidole. Miti mifupi, ina miiba, imekaa kama imekasirika. Unatembea, ghafla mbele yako shimo, linashuka gizani, na chini husikii kitu ila tone moja moja la maji. Songoro alisoma kila dua aliyoijua. Bwana Mpimaji yeye akacheka. Siku zile redio ya mkahawani ilikuwa ikisema habari za watu wanaotaka kupanda kwenda mwezini, na yeye neno hilo halikumtoka mdomoni. "Waende mwezini kutafuta nini? Si waje hapa! Sayari nzima hii, haina mtu hata mmoja. Shuhudieni, nimeigundua mimi."

Hakumaliza hata kucheka. Songoro alikuwa ameinama kwenye chungu ya mawe, anaokota mafiga ya kutelekea chai, jiwe likampita sikioni, wuu, likapasuka kwenye mti.

"Rudisha!"

Tukatazama juu. Juu ya ukuta wa mawe makavu alikuwa amesimama mtu, kikoi kiunoni, kifua wazi, mkononi jiwe jingine. Uso wake ulikuwa umechimbwachimbwa na ndui, hauna pahala palipobaki pazima. Haji, kiongozi wetu, aligeuka akatazama kwengine, akajifunika kilemba mpaka puani. Nilimwona, nikadhani ni woga.

"Mzee, shikamoo," alisema Bwana Mpimaji, sauti imempungua. "Sisi watu wa Serikali."

"Sisi tuko hapa. Rudisha jiwe la mwanetu."

Hapo ndipo tulipofahamu tumesimama wapi. Zilikuwa chungu tatu za mawe, moja ndefu na mbili fupi, na Songoro alikuwa ameichambua moja ya fupi. Kwetu mjini kaburi lina mashahidi, lina ukingo wake. Huko uwandani ukilundika mawe juu ya maiti ndiyo kaburi hilo, na mgeni hajui lipi rundo la mkulima na lipi la mzazi. Mawe yakamponyoka Songoro. Akayarudisha mbio mbio. "Sivyo," alisema yule mtu. "La juu lilikuwa linatazama kibla." Wallahi, Bwana Mpimaji na viatu vyake vile alipiga magoti akapanga mawe, na yule mtu akawa anamwelekeza kwa kidole, hili huku, lile kule, mpaka aliporidhika.

Ndipo alipotuuliza, na sauti imebadilika kabisa, imekuwa ya mtu anayeomba: "Nani kakutumeni? Mmekuja kutuita? Mbona hamna maji?"

"Maji ndiyo tuliyokuja kuyatafuta, mzee," alijibu Bwana Mpimaji.

Alitutazama mmoja mmoja. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukisawajika namna ile. "Basi nendeni," alisema, akashuka ukutani.

Kumbe ndani ya boma lake ndimo lilimokuwa pango bora kuliko yote tuliyoyaona. Bwana Mpimaji alitaka lipimwe kina cha maji yake kila mwezi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kurudi kule, nikatupiwa mimi. Ndivyo nilivyojuana naye. Kila mwezi napanda gari la abiria mpaka kusini, nalala kwa kina Haji, asubuhi nakwenda uwandani na kamba yangu ya kupimia. Pembeni mwa boma lilikuwapo jiwe moja bapa. Mgeni mwisho wake hapo. Miezi ya mwanzo hata pangoni hakuniacha nifike. Alichukua kamba mwenyewe, akaishusha mwenyewe, akanirejeshea ameniwekea fundo pale maji yalipofika. Nikimwambia nataka kuona kwa macho yangu, ananijibu, "Macho yako tumekuomba?"

Hiyo ilikuwa tabia yake nyingine: hakusema mimi. Siku zote sisi. Sisi hatuli pweza. Sisi jua likipanda hivi tunalala kidogo. Jana tulisikia nguruwe. Mimi nilimwona ni mtu wa kujikuza, maana kwetu anayesema sisi na yuko peke yake ni sultani au mwendawazimu, na huyu kikoi chake kilikuwa na viraka. Nilimtania mara moja. "Mzee, mko wangapi humo ndani?" Hakunirushia jiwe. Alisema, "Wanne," akaendelea kuchambua choroko zake.

Kitu hukipokei mkononi mwake, wala yeye hapokei mkononi mwako. Nikimpelekea chumvi, viberiti, tumbaku, na boflo, mkate wa mjini, ambalo alilipenda kama mtoto, naviweka juu ya jiwe bapa, narudi nyuma, yeye anakuja anachukua. Na yeye akitaka kunipa, na alikuwa mtoaji, si mchoyo, utakuta papai hapo, boga, au asali ndani ya kibuyu. Siku moja nilijisahau nikamnyooshea mkono na boflo. Aliruka nyuma kama nimemnyooshea nyoka. "Mwendawazimu we! Una wazee wewe? Una watoto?" Nikamwambia mzee, ndui yako imepona zamani, hata makovu yamezeeka. Akaniambia, "Nani kasema tumepona? Nani kaja akatwambia?" Nilikwenda zangu nikinung'unika njia nzima.

Na hiyo njia ndiyo iliyokuwa ikinichanganya akili kupita yote. Toka kwenye jiwe bapa mpaka kwenye ukuta wa kijiji, ule wa kuzuia nguruwe wasiingie makondeni, ni mwendo mzuri, jiwe kwa jiwe. Njia ile ilikuwa safi kuliko ua wa mama yangu. Jani huoni. Mwiba huoni. Mashimo yamefukiwa kwa kokoto, mawe makali yamegongwa yakalainika. Alikuwa akiifagia kila kukicha, mpaka ukutani, halafu anarudi. Sasa wewe niambie: mtu anampiga mawe kila anayekuja kwake, halafu anamfagilia njia! Nilimuuliza. Akasema, "Atakayekuja asijikwae." Nani huyo? "Atakayekuja."

Usidhani alikuwa mtu mwema aliyeonewa tu. La. Alikuwa na ukali mbaya, ukali usiotazama. Mwaka mmoja kabla hatujaja sisi, kijana wa kijijini alipita karibu na boma akitafuta kuni. Mlowezi alirusha, na lile la kwanza halikutua mbele ya miguu, lilitua jichoni. Yule kijana nilimwona mwenyewe, chongo, anajenga kuta akipapasa mawe kwa vidole, jicho moja halimtoshi. Nilipomwambia Mlowezi kwamba jambo lile halina udhuru, alinipa mgongo. "Alikanyaga," alisema. "Alimkanyaga mdogo." Nikamwambia hakujua. "Alijua," alisema. "Yule mtoto wa ndugu yetu."

Nilisimama pale kama nimepigwa la utosini. Mtoto wa ndugu yake? Ndugu gani, na yeye mlowezi?

Nilirudi kwa kina Haji nikiwa sina raha. Uani nilimkuta bibi mmoja anakuna nazi, Bi Mkasi, ambaye nilikuwa nikimsalimu miezi yote ile na yeye akiitikia tu marahaba. Nilipopita karibu yake aliniuliza kwa sauti ya chini, mbuzi ya nazi haikusita: "Anakohoa?"

"Nani, Bi Mkasi?"

"Unamjua nani."

"Anakohoa," nilisema. "Masika hii zaidi."

Akaacha kukuna. Machozi yakaanza kumtoka, wala hakuyafuta. "Kakangu huyo," alisema. "Tumbo moja, ziwa moja. Sisi ndio tuliomwita mlowezi, Mungu atuhukumu."

Aliyonieleza siku ile ndiyo haya. Zamani, ndui ikiingia kijijini kwao, mgonjwa hutolewa nje ya ukuta, akajengewa kibanda uwandani. Chakula huwekwa juu ya jiwe. Mgonjwa akitoka nje harudi mwenyewe hata akipona, lazima aitwe. Mwitaji huenda na ndoo ya maji na nguo safi mpaka kwenye jiwe la chakula, humwita kila aliyetoka kwa jina lake, na mwenye jina akijibu "Naam," ndiyo amerudi miongoni mwa watu. Huoga, nguo za ugonjwa huchomwa, huingia. Anayevuka bila ya kuitwa ni kama ameileta ndui kwa mkono wake, na nyumba yake haitasalimiwa na mtu.

Mtoto wa Mlowezi, yule mdogo, Mize, ndiye aliyeanza kuugua. Kawaida ilikuwa hutoka mtoto na mtu mmoja wa kumwangalia. Yeye alikataa. Alisema mtoto wake hatupwi kama paka, wanatoka wote: yeye, mkewe Mwanajuma, mkubwa wao Pandu, na Mize mgongoni. Watu walimsihi amwache Pandu. Akasema wametoka wanne watarudi wanne.

Siku zikapita. Mbeba chakula akarudi akisema chakula cha jana kipo, kimeliwa na siafu, na cha juzi pia. Akapelekwa mwitaji. Akaita majina yote manne. Kimya. Akaita tena. Kimya. Basi yakawa yamekwisha. Kijiji kikalia, kikakaa matanga, wakasomewa khitma, na kaka yao mkubwa akarithi minazi na nyumba.

"Halafu siku moja," alisema Bi Mkasi, "mwanamke mmoja kaenda konde asubuhi, kamwona kasimama upande wa pili wa ukuta. Kakonda, uso wote umeoza. Anauliza mbona hatuitwi. Yule mwanamke kakimbia mpaka kaanguka. Watu wakasema mzuka. Wengine tulijua si mzuka. Mimi nilijua! Lakini kakangu mkubwa alikuwa kesha kugawa kila kitu, na mwitaji kasema aliyeitwa asiitike haitwi mara ya pili. Na mimi nilikuwa mwanamke, na mume wangu kanambia nikifungua mdomo nna talaka yangu. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo, kila mgeni akiuliza, tunasema mlowezi."

Nilimuuliza kwa nini yeye hakuvuka tu. Ukuta wenyewe unafika kifuani! Akanitazama kwa masikitiko, kama mtu anayemtazama mjinga. "Atavukaje hajaitwa? Atuletee maradhi sisi?"

Ndiyo hiyo, basi. Kijiji kilichomkana, yeye alikuwa akikilinda. Mawe yale yote, mkono ule asioutaka, "una wazee wewe, una watoto," ilikuwa hiyo. Nilikasirika kiasi cha kushindwa kula. Niliwakasirikia wao, nikamkasirikia na yeye zaidi.

Safari iliyofuata sikuweza kujizuia. Niliweka boflo juu ya jiwe, nikamwambia nimeyajua yote. Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta, mimi simwoni ila kisogo.

"Walitwambia hatukuitika," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Nilisikia." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akijisemea yeye peke yake, si sisi. "Nilikuwa nimelala ndani. Mize keshakufa, yuko kifuani kwangu. Pandu keshakufa. Mama yao anavuta pumzi ya mwisho. Nikasikia jina langu. Nikasikia majina yetu yote. Nikaitika. Koo limejaa madonda, midomo imeshikana. Nimeitika, bwana wee, kwa nguvu zangu zote, na sauti haikutoka. Nikasikia miguu inakwenda zake."

Nililia. Sioni haya kusema. Mtu mzima, mnyororo wa Serikali begani, nalia mbele ya boga aliloniwekea jiweni.

Ikawa mimi ndiye mpeleka maneno, kazi nisiyoajiriwa nayo. Yule kaka mkubwa alikuwa ameshafariki, na mwitaji wa zamani pia. Waliobaki ni wazee waliochoka na jambo lile, na aibu inawala. Nikakaa nao barazani, nikasema, nikasihi, nikapandisha sauti mpaka Haji akanivuta kanzu. Mwisho wakakubali: basi, ataitwa.

Nilikwenda mbio, mawe yananikata. "Mzee! Wamekubali! Wanakuja kukuita!"

Akasimama. "Wanakuja kutuita?"

"Kukuita wewe, mzee."

"Na wenzetu?"

Nikasema, mzee, wenzenu wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu, maiti haitwi.

"Tulitoka wanne," alisema. "Waiteni wote. Hamuwaiti, msituite."

Niliwapelekea wazee maneno yale, na mzee wa msikiti akasimama hapo hapo. Kuwaita wafu kwa majina, tena kwa ndoo ya maji, ni jambo gani hilo? Tunataka kuingia katika ushirikina kwa kumridhisha mkaidi mmoja? Nilirudi kwa Mlowezi nikamwambia akubali. Nilimwambia anakufa, kifua kinampiga filimbi, nani atamwosha, nani atamzika? Nikamwambia ukaidi wake ule ule ndio uliompeleka Pandu kaburini, maana Pandu aliombewa abaki akamkatalia. Hilo ndilo lililoniletea jiwe la begani. Nilistahili? Sijui. Lilikuwa neno la kweli, na nilikuwa nimelisema kwa hasira.

Miezi kadhaa sikusemezana naye. Naweka chumvi, nakuta kamba ina fundo, naondoka. Nasikia kikohozi tu nyuma ya ukuta. Njia lakini ilikuwa imefagiliwa kila nilipofika, ingawa safari hizi ufagio ulikuwa ukiacha vipande, hapa pamefagiwa, pale mtu alipumzika.

Bi Mkasi ndiye aliyekata shauri. Mumewe alikuwa ameshakufa, eda amemaliza, na asubuhi moja nilipokuwa nafunga kamba yangu alitokea uani amevaa kanga za kutokea, ndoo ya maji kichwani. "Twende," aliniambia. "Mimi nishazeeka, wa kuniacha hayupo tena." Haji akasema, bibi, mwitaji ni mwanamume, na wazee hawajakubali. Bibi akamwambia, "Wazee nawajua wote toka hawajatahiriwa. Niondokee njiani." Haji akampisha, akatufuata nyuma.

Hakufika mbali na ile ndoo. Pale ukutani miguu ilimgoma, na mimi kabla sijaipokea, mtu aliyekuwa anajenga ukuta karibu na pale alikuja akaichukua. Alikuwa yule chongo, mtoto wa kaka yao. Akajitwika, akatangulia.

Njiani nilimwona Bi Mkasi akitazama chini, kwenye ile njia iliyogongwa mawe ikalainika. Tulipokaribia boma nilimshika mkono asimame, jiwe lije kwanza. Likaja. Lilitua mbele kabisa, mbali na sisi, lilikuwa la mkono usio na nguvu.

"Nani kakutumeni?"

"Hakunituma mtu, kakangu," alisema Bi Mkasi. "Nimekuja kukuiteni."

Kijana akatua ndoo kando ya jiwe bapa, akarudi nyuma. Bibi akavua ukaya wake, shela ya kichwani, akausogeza mgongoni, akaita, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza kuitoa.

"Mize binti kaka!"

Nilisikia pumzi za Haji nyuma yangu. Kutoka ndani ya boma ikatoka sauti nyembamba, iliyokwaruza, lakini ilitoka:

"Naam."

"Pandu wa kakangu!"

"Naam."

"Wifi yangu, Mwanajuma!"

Hapo alikohoa, akakohoa mpaka nikataka kuingia, Bi Mkasi akanizuia. Kisha: "Naam."

Halafu akaita jina lake yeye. Lile ambalo kijiji kizima kilikuwa hakijalitamka tangu kilipolisomea khitma. Mimi sina ruhusa nalo. La kwao, na mwenye kulirudisha alikuwa dada yake.

"Naam," alijibu. "Naam, Mkasi. Naam. Naam."

Bi Mkasi alianguka magoti akalia kwa sauti, na yule kijana chongo akageuka akatazama miti. Tulingoja atoke. Maji yalikuwa kwenye ndoo, nguo safi imekunjwa juu ya jiwe. Mlango wa boma haukufunguka. Mwisho tulimwona kichwa, ameshika ukuta kwa mikono miwili, uso umelowa.

"Tumeitika," alisema. "Mmesikia safari hii?"

"Tumesikia, kakangu. Njoo basi. Njoo nyumbani."

Akatikisa kichwa. "Sisi tuko wanne, Mkasi. Hawa hawawezi kwenda, na mimi siwaachi. Lakini tumeitwa. Nyinyi rudini, jua lisikupigeni." Kisha akamtazama yule kijana. Alimtazama muda mrefu. "Ndoo iache," alimwambia. "Tutaoga."

Mwezi uliofuata nilikwenda na kamba yangu kama kawaida. Nilipovuka ukuta nilisita. Njia ilikuwa imejaa majani, miiba imeanguka, mahala pengine huoni hata ilipopita. Nikakimbia, nikijikwaa, nikifikiri nimkute vipi, nimwoshe vipi peke yangu. Pale kwenye jiwe bapa nilisimama nikangoja. Jiwe halikuja. Nikapiga hodi.

"Karibu," alisema mtu.

Alikuwa amekaa mlangoni, ameegemea, amevaa ile nguo safi. Amekonda kupita kiasi, lakini alikuwa hai. Ufagio ulikuwa umelala kando yake. Nikamkalia karibu, karibu kabisa, nikampa boflo mkononi, akalipokea mkononi.

"Mzee, umenitisha," nilimwambia. "Mbona hukufagia?"

Alilimega boflo, akanipa kipande.

"Tumfagilie nani tena?" alisema. "Keshakuja."